Wimbo Wangu, Bili Yangu

Kaa hapo, lakini si pembeni, mguu wa benchi umeoza. Nina jambo limenikwama kooni kama mwiba wa changu.

Kazi yangu waijua. Kinyozi, hapa Kisauni. Kibanda cha mabati, kioo kimepasuka, mashine mbili na moja yauma. Spika iko mlangoni. Bila spika mteja haingii, adhani kuna msiba. Sasa juzi wamekuja vijana wawili, shati wamechomekea, beji shingoni. Mimi mbio kufuta kiti. "Karibu bosi, kipara au panki?"

"Leseni ya muziki iko wapi?"

Nikampa ya kaunti. Siyo. Nikampa karatasi ya fire. Siyo. Nikatoa kitambulisho. Akakirudisha kwa vidole viwili, kina mafuta ya nywele.

Ati ukipiga muziki mahali pa biashara, kinyozi, baa, hoteli, hata matatu, ulipie. Wimbo una wenyewe. Na wenyewe si mmoja, ni kama shamba la urithi. Mtunzi chama chake cha zamani ni MCSK, hicho cha tangu 1983. Mwimbaji na wapiga vyombo wana PRISK. Mwenye rekodi ana KAMP. Juu yao imekaa KECOBO, bodi ya hakimiliki, ndiyo yenye kutoa kibali cha kukusanya. Na 2017 KECOBO iliinyima MCSK kibali ikawapa MPAKE, chama kingine, wakaburutana kortini. Mimi hapo nishapotea. Hiyo PRISK mpaka siku hiyo nilidhani ni sabuni ya unga.

Lakini uchungu wangu si huo. Ule wimbo uliokuwa ukilia kwenye spika nimeutunga mimi.

Usicheke. Kabla ya hiki kitambi nilikuwa na maneno. Kijana mmoja wa bendi ya harusi alikuja kunyolewa, nikamsomea beti tatu, nimeziandika kwenye boksi la mashine. Akazipenda. Akanipa mia tano na soda. Katika hiyo mia tano, mia ilikuwa ya nywele. Wimbo ukashika, harusi za Likoni mpaka Changamwe. Kwenye harusi ya binamu yangu niliucheza mpaka kiatu kikaachia, kisha nikaenda nikamtuza yule kijana noti ya mia mbili. Yaani nimetunga, nimenyoa, na nimetuza.

Basi nikawaambia wale wa beji, huu wimbo wangu, nilipeni. Mmoja wala hakucheka, mtoto ana adabu. Akanieleza kwamba kwa sheria ya hakimiliki ya 2001 wimbo ukishauandika ni wako, uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa. Na haki haiuzwi kwa mdomo, mpaka kwa maandishi. Moyo ukaruka! Kumbe soda ile haikununua kitu! Nikaanza kuota Boney M, wale waliorekodi Jambo Bwana ya Them Mushrooms wetu wa hapa hapa Mombasa, wananipigia simu.

"Haya mzee, leta ushahidi. Yale maandishi."

Boksi. Mama watoto aliwashia jiko, msimu wa mvua, makaa yamelowa.

Tena ati hata ningekuwa nalo, ningelazimika nijiunge na chama, niusajili wimbo, kisha redio na kumbi zipeleke orodha ya nyimbo zilizopigwa ndipo mgao uhesabiwe. Harusi ya uchochoroni Likoni nani aandike orodha? Mwenye kalamu pale ni mmoja tu, na yeye aandika michango.

Nikalipa. Kwa M-Pesa, na ada ya kutuma juu yangu.

Jioni mteja wangu mmoja, baharia mstaafu, akanitia wazimu mwingine. Ati Paris, 1847, mtunzi Ernest Bourget alikaa mkahawani Ambassadeurs, akasikia wapigaji wanapiga kazi yake. Bili ilipokuja akakataa. Nyinyi hamlipi muziki wangu, mimi silipi kinywaji chenu. Korti ikampa haki, na 1851 wakaunda SACEM, chama cha kwanza cha namna hii. Mimi nikasema, kumbe njia ni hii!

Kesho yake nikavuka feri. Hoteli moja Likoni, redio yapasua masikio. Nikaagiza mahamri manne, mbaazi, chai ya maziwa. Nikasubiri. Matangazo ya vifo. Bei ya unga. Mpira. Nikaongeza mahamri mawili, siwezi kukaa bure. Saa mbili zimepita ndipo wimbo wangu ukalia. Nikasimama, kidole juu.

"Mama, silipi! Kama Bourget!"

"Bourget ni nani?"

"Mfaransa."

"Basi mwambie aje akulipie."

Nikaingizwa uani. Sufuria tatu, moja imeungua mbaazi mpaka chini. Kando yangu msichana anaosha vikombe, anaimba ule wimbo wangu, ubeti wa pili ameupindua wote. Nikamrekebisha, taratibu, kama baba.

Akanitazama kuanzia miguuni.

"Mzee, kama wimbo wa watu huujui, osha sufuria."