Ufa Uliopakwa Rangi

Ripoti ya ukaguzi wa nyumba kuukuu ya walowezi huko Rongai, ile ya Nakuru wala si ya Kajiado, huandikwa kwa upole wa mshenga. "Unyevu kiasi" maana yake ukutani mmeota uyoga. "Paa lahitaji kuangaliwa" ni kusema mvua hunyesha mpaka sebuleni. Pa kusoma mara mbili ni penye ufa. Ulio mwembamba kama unywele ni wa plasta tu. Unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya mawe, ukameza sarafu ya shilingi kumi, huo umeanzia kwenye msingi. Dalali atajigamba kwamba nyumba ilistahimili tetemeko la Subukia la Januari 1928. Huenda. Ila rangi iliyofunika ufa bado inanata kidoleni.