Mturudishie Neti

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Jumba la Sanaa ya Kisasa,

Jina sikutaji. Majumba yenye programu ya mwaka mzima ya maonyesho kuhusu afya na tabianchi yamekuwa mengi, kuanzia Ulaya hadi Nairobi, nami nina karatasi moja. Atakayejitambua aisome kama yake.

Kwanza pokea pongezi. Tumesikia huku Shinyalu, Kakamega, nchini Kenya, kwamba mwaka huu mtaonyesha jinsi joto la dunia linavyoingia katika mwili wa binadamu. Sisi ambao limetuingia zamani, bila tiketi, tumefurahi kusikia limepewa jina. Basi naandika kuomba Kakamega nayo itundikwe ukutani.

Sifa tunazo. Mnapenda barafu, kwa mfano. Mwaka 2015, mkutano wa tabianchi ukiendelea Paris, msanii Olafur Eliasson alipanga vipande 12 vya barafu ya Greenland katika uwanja wa Panthéon, wapita njia wakaipapasa ikiyeyuka. Mwaka 2018 akaweka vingine 24 mbele ya Tate Modern jijini London, jumba ambalo hadi mwaka uliotangulia lilikuwa limekula pesa za BP, kampuni ya mafuta, kwa miaka 26. (Barafu yenyewe ilikuwa imeshamegeka baharini, najua. Hakuna aliyeikata kwa panga.)

Kwetu barafu hujileta. Alasiri mawingu yakishajazana juu ya msitu, mvua ya mawe huyapiga mabati hadi watu walioketi jiko moja wanasemezana kwa vidole. Ikikatika, majani ya migomba yamechanika kama vitana, mahindi yaliyokuwa yamefika magotini yamelala, na watoto wako uani wanazoa mawe kwa sufuria na kuyatafuna. Wanaigusa barafu, wanaionja, inawayeyukia mikononi. Kilichopungua hapo ni mtu wa kusimama kando na glasi ya mvinyo, akisema kwamba kazi hii imemgusa sana.

Na kweli mmoja wenu alifika. Alikuwa akitafuta vitu "vinavyosema". Kwa senje wangu, yaani shangazi, akakuta kitalu cha sukuma wiki kimefunikwa neti ya mbu iliyochakaa, matundu kila mahali, imefungwa kwa kamba ya katani kwenye vijiti vinne. Akaizunguka mara tatu. Akachuchumaa, akapiga picha kupitia tundu. Kisha akauliza kwa adabu zote, msanii ni nani?

"Kuku," senje akajibu.

Akaandika.

Senje akamfafanulia: neti ikitoboka haizuii mbu tena, ila kuku bado inawazuia. Sijawahi kusikia uhakiki wa sanaa uliopita huo. Mgeni akatoa shilingi elfu moja, akaikunja neti kama bendera ya taifa, akaondoka nayo. Naambiwa sasa inaning'inia katika chumba cheupe chenye taa moja, na pembeni kuna spika inayotoa mlio wa mbu.

Mlio huo sisi tunao wa kutosha. Mwaka 2019 Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya malaria, RTS,S, katika baadhi ya sehemu za magharibi, Kakamega ilikuwamo, na hatukuchaguliwa kwa bahati nasibu. Joto likipanda kidogo, mbu hukua upesi na kimelea hukomaa upesi tumboni mwake. Mvua isiyojua msimu nayo inamwachia madimbwi. Ninyi mnafunga milango jioni, wakati ambao wasanii wetu ndiyo kwanza wanaamka.

Mkitaka kazi ya kushirikisha watazamaji, chukueni benchi la zahanati, lolote lile. Mgeni afike saa kumi na mbili asubuhi, akae, asogeze makalio kila anayemtangulia anapoitwa. Saa saba atobolewe kidole, akutwe na malaria, aambiwe dawa imeisha, akanunue mjini. Vidonge 24: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, tena ale na kitu chenye mafuta. Kibandiko cha maelezo msiweke. Akiuliza maana ya kazi hii, aambiwe arudi Jumatatu.

Pengine mtasema haya ni maisha tu, mnataka sanaa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ya swala. Mtoto akizaliwa inapigwa, watu wakioana inapigwa, mtu akizikwa inapigwa. Miongoni mwa matatizo yaliyotajwa ni uhaba wa vifaa vya kuitengeneza, na vifaa vyenyewe ni mti na ngozi. Hapa sifanyi mzaha. Msitu wa Kakamega umepungua, na mchongaji anayetafuta gogo la ngoma ameshayaona maonyesho yenu yote, hadi chumba cha mwisho.

Kando ya msitu huohuo kuna wakulima wa kikundi cha Muliru. Wanapanda mrehani wa porini mashambani mwao badala ya kuung'oa msituni, wanaukamua mafuta, wanatengeneza Naturub, dawa ya kuchua inayouzwa katika kijikopo. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Equator. Afya na tabianchi ndani ya kitu kinachoingia mfukoni, na bado sijasikia mtu akiwaita wasanii. Labda kama kijikopo kingekuwa kitupu.

Sasa la senje. Ile elfu moja ilinunua neti mpya, akaitundika kitandani, analala vizuri. Ila kitalu kilibaki wazi, na kuku wameimaliza sukuma wiki yote. Anauliza kama maonyesho yakifungwa mnaweza kumrudishia ile kuukuu. Hii mpya bado haijatoboka vya kutosha.

Wako,
Mpwa wa mwenye neti,
Shinyalu, Kakamega