Pesa Isiyonunua Hata Mandazi

Hapa Runyenjes mtu akikusanya ng'ombe anaeleweka. Akikusanya mashamba anaheshimiwa, na hata akikusanya madeni bado wako watakaomsalimia. Lakini mtu mzima mwenye familia anayetoa pesa inayonunua unga ili apewe pesa isiyonunua hata mandazi, huyo lazima atafutiwe maelezo. Stejini maelezo yangu ni mawili: ama nina Mzungu tajiri ninayemfichia siri, ama nimejiunga na wale watu wa mashetani. Mke wangu ana la tatu, ila huwa analisema akiwa na dada zake.

Mimi nakusanya sarafu za zamani, basi. Na tangu habari hiyo ienee kutoka Kathageri hadi Ugweri, sina raha. Mama mmoja aliniletea dhahabu aliyoiokota kwenye mtaro, nikaibana kwa kidole, ikabonyea. Ilikuwa karatasi ya chokoleti. Kijana mmoja wa boda boda ameificha ile sarafu ya shilingi 40 iliyotolewa mwaka 2003, Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, yenye picha ya Rais Kibaki. Anangoja inunue pikipiki ya pili. Nimemshauri aendelee kuendesha hii aliyo nayo.

Hata hivyo mwaka huu umenijalia, na nitazitaja zile zilizonikaa moyoni pamoja na gharama zake, maana gharama haikuwa pesa peke yake.

Nianze na senti kumi ya 1936. Hiyo niliiona Kyeni, juu ya paa la banda la kuku la mzee mmoja. Senti zetu za kikoloni, ya moja, ya tano na ya kumi, zilikuwa na tundu katikati, na zilipopoteza thamani mafundi waliona Mungu amewaletea washa za bure. Mzee wangu alikuwa amepigilia msumari katikati ya ufalme wa Uingereza ili kuku wasinyeshewe. Nilipanda ngazi, nikapangusa kinyesi cha kuku, nikasoma jina: EDWARDVS VIII. Nusura nianguke.

Edward wa Nane alikuwa mfalme kwa muda usiotimia mwaka mmoja. Desemba 1936 aliacha kiti cha enzi ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke wa Marekani aliyekuwa ameachana na waume wawili. Huko kwao Uingereza hawakuwahi kutumia sarafu zake madukani. Lakini senti zetu hazikuwa na kichwa cha mfalme, maana mahali pa kichwa palikuwa na tundu, kwa hiyo jina lilitosha, na zikafyatuliwa kwa mamilioni mapema. Waingereza wakamkosa mfalme wao mfukoni, sisi tukanunua chumvi naye.

Nilimweleza mzee haya yote. Akanisikiliza kwa makini, halafu akauliza swali moja: "Na mbuzi za mahari zilirudishwa?" Nikamwambia sidhani kulikuwa na mbuzi. Akatikisa kichwa. "Basi hata hakuoa." Kisha akaja kwenye biashara: ile ni washa, na washa haitoki bila mabati, maana akiitoa paa litavuja. Ninunue bati zima.

Nikanunua. Bati lilisafiri nami kwa boda boda hadi Runyenjes, mimi nyuma nimelikumbatia, upepo ukilivuta upande mmoja na dereva akiomba Mungu upande wa pili. Kufika stejini kila mtu ameniona, na Runyenjes mtu akionekana na bati, amejenga. Jioni hiyo hiyo walikuja mafundi wawili kuulizia kazi, na shemeji yangu akapiga simu kuniuliza kodi ya vyumba vyangu vipya itakuwa ngapi, maana yeye ni mtu wa nyumbani. Senti yenyewe ni ya kawaida sana miongoni mwa wakusanyaji. Bati liliizidi bei mara nyingi. Lakini sasa hivi kuku wangu hawanyeshewi.

Ya pili ni shilingi ya 1924, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja na simba upande wa pili, milima ikiwa nyuma ya simba. Milima hiyo haikuandikwa jina, kwa hiyo sisi wa huku tumeshakubaliana kwamba ni Kirinyaga. Wachaga na waseme yao. Shilingi za miaka hiyo zilikuwa na robo tu ya fedha halisi, zilizobaki ni metali za kawaida, na ndiyo sababu zikikaa sana huvaa rangi ya kijivu iliyokoza. Rangi hiyo mkusanyaji huilinda kuliko macho yake, kwani ndiyo ushahidi kwamba sarafu haijachezewa.

Yangu ilivaa rangi hiyo vizuri hadi alipokuja mama mkwe kututembelea kutoka Chuka. Mama mkwe ni mtu wa kazi. Hawezi kukaa kwenye kiti akaona kitu kichafu kikaendelea kuwa kichafu. Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta uani, mbele yake majivu, limau na sponji ya chuma, na shilingi yangu ya miaka mia moja inang'aa kama sufuria ya harusi. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia unaona mikwaruzo imepita kwenye shavu la mfalme kutoka sikioni hadi kidevuni, na simba amenyolewa manyoya yote.

Sasa, mtu wa Embu afanye nini? Mama mkwe hakemewi. Mama mkwe hata hatazamwi vibaya. Nikapokea kwa mikono miwili. "Asante sana, mama." Akafurahi, akaniuliza kama zipo nyingine. Nikamwambia hakuna, ile ndiyo ya pekee, na usiku nikahamisha mkebe wote hadi stoo ya mbolea.

Rupia ndiyo iliyonitoa jasho hadharani. Kabla ya shilingi, wazee wetu walihesabu kwa rupia ya Uhindi, gramu kumi na moja na ushee za fedha karibu tupu. Waingereza walipoiteka Embu mwaka 1906, kodi ya nyumba ilidaiwa kwa rupia, na kwa kuwa rupia haioti shambani, ilibidi mtu akaitafute kwenye shamba la Mzungu. Mwaka 1920 rupia ikapandishwa hadi shilingi mbili za Kiingereza, ikaletwa florini iliyokufa kabla haijazoeleka, kisha 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Walowezi waliona madeni yao yamepanda, wakaamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Ghadhabu hiyo ni miongoni mwa zilizomwinua Harry Thuku. Kwa hiyo nikiishika rupia sioni fedha tu; naona babu ya mtu akitembea kwa miguu kwenda kuitafuta.

Nilipata habari ya rupia moja Ishiara, siku ya soko. Mwenyewe alitaka elfu mbili. Bei haikuwa mbaya, ila bandia ni nyingi na uzito ndio humkamata mwongo, basi nikatoa mzani wangu mdogo wa mfukoni. Watu wa soko hawajawahi kuona mzani kama huo ukitolewa kwa jambo jema. Mmoja akanong'ona, "Dhahabu!" Mwingine akasema si dhahabu, ni kile kitu kinachotafutwa na Waarabu. Kufumba na kufumbua tumezingirwa, na muuzaji, ambaye naye alikuwa akisikiliza, akapandisha bei hadi laki tatu. Akaja mtu mwenye koti akajiita shahidi. Ikawa milioni.

Aliyeniokoa ni mama mwenye gunia la ndengu ambaye tulikuwa tumemzibia wateja. Alimtazama muuzaji, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza mbuzi: "Wewe, kama una milioni nyumbani, ya ndengu utanilipa lini?" Umati ukacheka, shahidi akayeyuka na koti lake, na rupia ikashuka hadi elfu moja mia tano. Nilimlipa muuzaji elfu moja, mia tano nikamkabidhi mama wa ndengu palepale, kwa makubaliano ya pande zote.

Ya nne ni ya juzi juzi tu, senti ishirini na tano ya 1966. Mwaka huo ndipo Kenya ilitoa sarafu zake yenyewe, zenye picha ya Mzee Kenyatta, na senti ishirini na tano ilikuwa mojawapo. Haikudumu, toleo la mwisho ni la 1973. Niliipata safi, nikaiweka kwenye mfuko wa koti la Jumapili ili nikamwonyeshe rafiki baada ya ibada. Mke wangu alihitaji chenji ya sadaka, akatia mkono mfukoni.

Wakati wa matangazo, mhazini alisimama. Alishukuru waumini kwa ukarimu, kisha akainua kitu kidogo kati ya vidole viwili. "Yupo ndugu aliyemtolea Bwana senti ishirini na tano. Tunamwombea, hali yake ibadilike." Kanisa zima likasema amina, na mimi nikasema kwa sauti kuliko wote ili nisishukiwe. Baada ya ibada niliifuata ofisini. Kuikomboa kuligharimu noti ya mia tano, na bado nikaombewa tena.

Kuna nilizozikosa pia. Mwaka 2013 kundi la watafiti lililomjumuisha Chapurukha Kusimba lilitangaza kupata katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, sarafu ya Kichina ya Mfalme Yongle, ya mwanzoni mwa karne ya 15, yenye tundu la mraba katikati. Tangu hapo kuna kijana wa Pwani hunipigia simu akidai anayo pacha yake. Nikamkumbusha kwamba tuna sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006: kitu cha kale cha kabla ya 1895 hakiuzwi kiholela wala hakitolewi nchini bila kibali, na anayechimbua kitu cha namna hiyo anapaswa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa. Simu ikakatika. Mtandao wa Pwani ni mbaya sana ukitaja sheria.

Sasa watu huniuliza faida iko wapi. Jibu langu ni kwamba kila sarafu niliyotaja ilikuja na mtu anayejua ilikotoka, isipokuwa zile ambazo wenyewe walikufa bila kuulizwa. Hizo za pili ni nyingi kuliko za kwanza, na hasara hiyo hakuna mzani unaoweza kuipima.

Kwa hiyo, msomaji, ukikuta mkebe wa cucu chini ya kitanda, usisugue kitu. Usitie limau, usitie majivu, usitoboe upate mkufu. Muulize cucu pesa hiyo alipewa na nani na ilinunua nini siku hizo, uandike kwenye karatasi, karatasi iingie mkebeni. Na akikupigia mtu akasema ana mteja wa milioni tano, ila utume kwanza elfu moja ya usajili, usitume. Huyo mteja hayupo.