Kamera Isiyojua WhatsApp

Kamera ndogo ya bei nafuu ina siri moja ambayo hakuna muuzaji atakayekutobolea: ukishaonekana nayo, umeajiriwa na ukoo mzima, bila mkataba wala mshahara. Mimi niliajiriwa hata kabla sijainunua. Shangazi yangu wa Tanga alinipigia simu, nikamwamkia, akaitikia marahaba ile ndefu ya mtu mwenye haja, kisha akanitangazia kwamba anaozesha na mpiga picha ameshapatikana.

"Nani?" nikauliza.

"Naongea na nani sasa hivi?"

"Lakini shangazi, siku hizi kila mtu ana simu."

"Ndiyo maana nimekupigia wewe, mwanangu."

Hoja yake ilikuwa na uzito. Katika harusi nyingi za kwetu pwani, wanawake wakishaingia ukumbini kwao mabuibui huvuliwa, na humo ndani mna nywele zilizoshughulikiwa tangu alfajiri, mna hina, mna magauni ambayo hata mume wa mtu hajapata kuyaona. Kwa hiyo mlangoni hukaa mama mmoja wa shoka mwenye kikapu, kazi yake kukusanya simu. Si kwamba ana roho mbaya. Picha ikipigwa kwa simu, keki haijakatwa bado Muscat wameshaiona, na binamu aliyeko Toronto ameshauliza mbona bibi harusi amekonda. Shangazi alitaka kitu kinachopiga picha na kufunga mdomo, nazo zije kusafishwa kwenye karatasi, zikae kwenye albamu, albamu ikae kabatini, ufunguo ukae kwake. Sharti la kamera lilikuwa moja tu: isijue WhatsApp.

Nikaenda Kariakoo.

Kariakoo hupokelewi na mwenye duka, unapokelewa na winga. Wa kwangu alinidaka Mtaa wa Aggrey. "Bosi wangu! Usiseme unachotafuta, nakijua." Akanipitisha kwenye ngazi za jengo moja, tukavuka vibanda vya makava na chaja, mpaka kwa jamaa mmoja aliyekuwa na boksi limejaa kamera ndogo za mtumba kutoka Ulaya, zimelaliana humo kila moja na kamba yake ya mkononi. Kila moja ilikuwa na picha za mtu wakati wake. Mwaka 2010 viwanda viliuza zaidi ya kamera milioni 100 za aina hii duniani. Kufikia 2023 hazikufika milioni 2, kwa sababu simu zimezila. Mpya za bei ya mtu wa kawaida zimekuwa adimu, na kilichobaki ni boksi kama lile.

"Hii ni megapikseli 16," winga akasema akiinua moja ya rangi ya fedha. "Ukimpiga mtu na hii, bosi, hata mawazo yake yanaonekana."

Ngoja niseme jambo kuhusu megapikseli, maana ndiyo lugha kuu ya wauzaji. Picha ya ukubwa wa postikadi, ile ya sentimita 10 kwa 15 inayoingia kwenye albamu ya shangazi, inahitaji megapikseli 2 na kitu kidogo ili itoke safi. Zilizobaki zote ni za kujivunia barazani. Tena kile kibao cha kuhisi mwanga kilichojificha nyuma ya lenzi, kwenye nyingi ya kamera hizi, kina kama milimita 6 kwa 4.5 tu. Kukirundikia megapikseli ni sawa na kuongeza abiria kwenye daladala ya Gongo la Mboto saa moja asubuhi: wamepanda wengi, lakini hakuna anayeona nje. Kila kitundu kinapata mwanga kiduchu, na jua likizama picha inaota chengachenga.

Winga alipoona megapikseli hazijaniyumbisha akahamia kwenye zumu. "Hii inavuta mara 40!" Nikaigeuza. Pembeni ya lenzi imeandikwa mara 4. Hizo nyingine zote ni za kidijitali, maana yake kamera inachukua kipande cha katikati ya picha, inakinenepesha, halafu inakuuzia kama ukaribu. Kazi hiyo hata mkasi unaiweza.

"Basi chukua hii, ina Wai-Fai, inatuma picha yenyewe kwenye simu."

"Hiyo ndiyo siitaki kabisa."

Winga alinitazama kwa huruma. Katika maisha yake hakuwahi kukutana na mteja anayetafuta upungufu. Akamnong'oneza mwenye boksi, yule akachimba chini kabisa, akatoa kamera nene kidogo, isiyo na mbwembwe, inayotumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani. Jina la kiwanda nalihifadhi, kina familia. Bei ilianzia laki mbili na nusu, kwa maelezo kwamba vijana wa Ulaya na Marekani wamezirudia kamera hizi na TikTok imezipandisha. Kuhusu vijana hao alikuwa anasema kweli. Tukaelewana elfu tisini na kadi ndani.

Niliipenda kwa sababu ya hizo betri. Kamera nyembamba za mtumba hutumia betri ya bapa iliyotengenezwa kwa umbo la kamera chache tu, na chaja yake ilibaki kwenye droo ya mzungu fulani huko Rotterdam. Ya AA, nilijiambia, hata ikikuzimikia Ngamiani kule Tanga, dukani kwa Mpemba zipo. Na kweli zilikuwepo.

Kinachosumbua ni kwamba kamera ina uchu. Inasukuma lenzi nje, inawasha kioo, inajaza mwako, yote kwa mkupuo, na betri za kawaida za bei chee, ambazo zingeihudumia redio ya babu kwa wiki kadhaa, zinazimia baada ya picha chache. Zinahitajika za alkalaini, au bora zaidi zile za kuchaji. Mpemba wa Ngamiani alikuwa na za redio. Basi siku ya harusi ikawa piga, ikizima fungua, toa, tia, piga. Watoto wa nyumba ile walijigeuza kamati ya nishati, wanakimbia dukani na kurudi kwa zamu, na hela ilipokwisha wakaanza kutafuta betri palepale nyumbani. Rimoti waliifungua, zikawa nyembamba mno. Ndipo mmoja wao akapandisha macho ukutani.

Ile saa ya sebuleni ilisimama saa nane kasoro robo. Chini yake alikuwa ameketi Baba Mkubwa, kaka yake shangazi, mtu mzito, ambaye kwenye kikao cha harusi alitoa ahadi ya laki tano iliyopigiwa vigelegele mpaka nyumba ya tatu. Kazi yake siku hiyo ilikuwa moja: saa nane na nusu aiamrishe Coaster ikawachukue wazee wa bwana harusi gesti, wafike kwa ajili ya ndoa baada ya alasiri. Baba Mkubwa akawa kila akitazama ukutani anasema, "Bado, bado, tusiwasumbue watu." Dereva akalala. Wazee kule gesti wakakaa barazani na kanzu zao zilizopigwa pasi, wakitazama barabara. Adhana ya alasiri ilipolia, Baba Mkubwa aliinua macho ukutani kwa mara nyingine, akatikisa kichwa. "Huyu muadhini mpya," akasema, "ana haraka mno."

Ndoa ilifungwa, kwa kuchelewa lakini ilifungwa, nami nikawapanga wanaume kwa picha ya pamoja. Hapo nikapambana na falsafa ya kamera. Kamera haijui kanzu. Inaamini kwamba dunia yote, ukiichanganya, inatoka kijivu, na ikiona weupe mwingi inadhani jua limezidi, inapunguza mwanga. Ukiweka wanaume ishirini wenye kanzu mbele yake, zote zinatoka na rangi ya maji ya kufulia, na nyuso zinaingia gizani. Wakija kina mama na mabuibui, inadhani kumekuwa usiku, inaongeza mwanga, na uso wa mtu unatoka mweupe kama ametoka kupika mandazi ya unga wote. Dawa ipo: kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kanzu unazijumlishia, mabuibui unayatolea. Lakini jaribu kukitafuta huku shehe ameshaanza kupiga chafya na Baba Mkubwa ameshahamia kiti cha mbele, mwisho wa mstari, upande wa kulia. Kiti hicho alikikalia katika kila picha. Wakisimama upande wa waoaji, yupo. Wakisimama wajukuu watupu, yupo.

Halafu kuna ule ukimya. Unabonyeza, na kamera inatafakari. Nilimkumbuka yule mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliyetengeneza kamera ya kidijitali ya kwanza mwaka 1975: ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Yangu ilikuwa na kasi zaidi, ila damu ni ileile. Bwana harusi akitabasamu, nabonyeza. Tabasamu linazeeka, linakufa, anageuka kumjibu mtu, ndipo mwako unapiga. Nina picha nzuri sana za kisogo chake. Ujanja wa kamera hizi ni kubonyeza kitufe nusu kwanza, ukisubiri kile kimraba cha kijani kiwake, halafu ndiyo umalizie. Shangazi alipoona nimeshikilia kidole bila kumalizia alidhani nimepooza.

Ukumbi wa wanawake mimi siingii. Kamera ikaingia na mpwa wangu wa kike, wa darasa la nne, niliyempa somo la dakika mbili mlangoni: shika kwa mikono miwili, kidole kisizibe mwako, bonyeza nusu. Mama mwenye kikapu aliipekua kwa makini. "Ina laini?" akauliza. Nikamwonyesha tundu la betri. Akaridhika.

Baada ya dakika tano mpwa akarudi mbio. Kioo kilikuwa kimeandika kwamba kadi imefungwa. Kadi hizi zina kikombo kidogo cha plastiki ubavuni. Kikiteleza upande wa chini kadi inagoma kuandikwa, nacho huteleza chenyewe watoto wanapoichomoa kuona kama ni tamu. Nikakirudisha juu kwa ukucha, akarudi vitani.

Picha alizoleta ni kazi ya mtu mwenye urefu wa mita moja na robo. Kuna viatu, vingi sana, vingine vimeshavuliwa chini ya meza. Kuna paka aliyeingia bila kadi ya mwaliko. Kuna mkono wa mama mmoja mheshimiwa unaotia sambusa kwenye pochi, moja kati ya zile chache ambazo kimraba cha kijani kiliwaka sawasawa. Na ipo moja ya bibi harusi, nafahamu kwa kuhadithiwa tu, akicheka mpaka shungi limelegea, huku somo wake akijitahidi kulirekebisha. Shangazi aliitazama kwenye kioo cha kamera, akaniondolea mkononi, akasema hiyo haipiti kwa mtu.

Hapo ningeweza kurudi Dar kwa heshima, isingekuwa tarehe. Shangazi alitaka tarehe iandikwe kwenye picha zenyewe, chini pembeni, kama zilivyo albamu zake za zamani. Niliiweka sawa asubuhi. Lakini kamera ile kila ikinyang'anywa betri kwa muda inasahau mwaka, na ikiamka inauliza tarehe. Kamati ya nishati, kwa kutotaka kupoteza wakati, ilikuwa inabonyeza sawa tu. Kadi ikaenda na kijana mmoja studio, akasafisha zote kwa mkupuo, zikaja kwenye bahasha nene.

Kwa mujibu wa bahasha hiyo, binti yetu aliolewa tarehe 1 Januari 2008. Mwaka huo alikuwa darasa la pili. Bwana harusi alikuwa Korogwe na hakuwa amelijua jina lake. Mkwe mmoja mzee, mstaafu wa mahakama, aliishika picha mbali na macho, kisha karibu, kisha akaniuliza polepole kama familia yetu ina jambo ambalo wao hawakuambiwa.

Kusafisha upya ilikuwa gharama nyingine, na bajeti ilikuwa imeshatafunwa na betri. Tukarudi studio na shangazi. Fundi akaitandaza mezani ile picha kubwa ya ukoo, iliyokuwa itundikwe sebuleni, akaweka rula kwenye tarakimu zile za rangi ya chungwa, chini kulia.

"Mama, naweza kukata huku chini," akasema, "lakini makubadhi ya bwana harusi yataondoka, na miguu ya watu wote. Au nikate pembeni hapa wima. Ila pembeni kuna huyu mzee."

Shangazi akainama, akamtazama kaka yake, amekaa kwenye kiti chake cha mwisho na mikono juu ya magoti, tarehe imempita miguuni.

"Ile laki tano yake," akaniuliza bila kuinua kichwa, "ameshaitoa?"

Nikasema sijasikia.

"Kata pembeni."