Namna ya Kumulika Kitasa cha Mlango wa Nje kwa Watu wa Pwani

Kanuni ya kwanza ya kumulika kitasa cha mlango wa nje ni kuhakikisha mwanga haukifikii kitasa. Ndivyo wafanyavyo wenye nyumba kuanzia Lamu hadi Mtwara, na wewe usijitie ujuzi. Nunua taa bapa ya wati 50, yenye mwanga mweupe wa kuumiza macho, kisha mwite fundi aifunge kwenye nguzo ya geti, nyuma ya mgongo wa yeyote atakayesimama mlangoni. Usiku ukiingia utaona paka wa mtaa mzima, utaona jirani aliyesahau kuanua nguo, na utaona mlango wako wote ukiwaka kwa uzuri. Ukiusogelea na ufunguo mkononi, kivuli chako kitatangulia kufika na kulifunika tundu. Hapo kazi imekamilika.

Kama uko Unguja, fundi atakwambia, “Sheikh, kwa taa hii utaona mpaka Chumbe.” Usimbishie. Chumbe wana mnara wao wa taa uliojengwa mwaka 1904, na mpaka leo manahodha wanauangalia. Haukujengwa ili watu wapate matundu ya funguo, lakini fundi naye hukumwambia kwamba shida yako ni tundu. Ulimwambia unataka mwanga, akakupa mwanga.

Wapo wanaoona taa ya kuwaka usiku kucha ni kula umeme bure. Hao wanunue taa ya sensa, inayojiwasha mtu akipita. Kifaa hiki hakikutambui wewe wala heshima zako mtaani. Kinahisi tofauti kati ya joto la mwili unaosogea na joto la vitu vilivyo nyuma yake. Sasa fikiria usiku wa Februari, kaskazi imepoa, na ukuta ulioota jua tangu asubuhi una joto karibu sawa na lako. Sensa inakutazama, inautazama ukuta, haioni tofauti ya kuitolea uamuzi. Basi punga mikono. Ikikubali kuwaka, una nusu dakika ya kutafuta ufunguo, na kwa kuwa mtu anayelenga tundu husimama kimya, itazimika palepale ncha inapogusa chuma. Punga tena. Majirani hawatakushangaa, nao wanazo.

Taa ya sola ni nzuri zaidi kwa sababu haina bili. Inawaka magharibi, wakati bado unaona, na inang'aa mpaka baada ya isha, wakati wote wa nyumbani wamo ndani. Inaanza kukonyeza kiasi cha saa nne. Wewe unarudi kutoka harusini saa sita. Ukiitazama mchana utakuta kidirisha chake kina utando mweupe wa chumvi, na juu ya utando huo kunguru ameweka mchango wake. Kwenye boksi imeandikwa IP65, na muuzaji alikusomea kwa sauti ya kukata kesi. Ile 6 inahusu vumbi na ile 5 inahusu maji ya kurushwa. Chumvi haikuulizwa chochote, na ndiyo iliyoshaingia kwenye betri ikaota ukijani.

Kuhusu rangi ya mwanga, chagua nyeupe, ile yenye ubluu. Wadudu wengi huvutwa na mwanga wa namna hiyo kuliko wa njano, kwa hiyo mvua za kwanza zikinyesha utapokea kumbikumbi wa kutosha kujaza pishi. Kumbikumbi wataleta mijusi kafiri. Mmoja atachagua kukaa juu ya kitasa chenyewe, na hapo utakuwa na sababu ya msingi ya kutoweka kidole karibu. Balbu ya njano ingeepusha sehemu kubwa ya mkutano huu. Pengine ndiyo maana dukani iko rafu ya chini.

Sasa tuje kwenye kitasa, ambacho ndicho kisingizio cha gharama zote hizi. Watu wa bara hudhani kitu hulowa kwa mvua. Pwani kitasa hulowa kwa kukaa tu. Upepo wa kusi huleta vumbi la chumvi kutoka baharini, chumvi hiyo hukaa juu ya chuma, na unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 75 huanza kunywa maji kutoka hewani mpaka inayeyuka yenyewe. Usiku wetu hufika huko bila jitihada. Kwa hiyo hata kiangazi, saa sita ya usiku, kitasa chako kinaoga maji ya chumvi.

Ili kuisaidia kutu, nunua kitasa kinachong'aa kuliko vyote dukani. Mng'ao huo ni ngozi nyembamba sana ya kromu; ikipata mkwaruzo mmoja, kilicho chini kinaanza kufura. Au nunua kitasa kizuri cha shaba halafu ukifunge kwa skrubu za chuma cha kawaida, zile zilizobaki kwenye kopo. Metali mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa ili nyingine ipone. Baada ya misimu michache kitasa kitadondoka chini kikiwa kizima, kisafi, hakina doa. Mtu akikushauri kutumia skrubu za stenlesi daraja 316, ambazo zina molibdenamu ya kuhimili chumvi kuliko zile za 304, mpeleke kwa muuzaji. Muuzaji atasema zote ni moja, na ataleta sumaku kukuthibitishia. Sumaku haitofautishi 304 na 316, lakini ni nani atambishia mtu mwenye sumaku?

Ufunguo ukianza kugoma, mimina mafuta ya kupikia. Utazunguka kwa raha wiki nzima. Kisha mafuta yatashika mchanga, yataganda, na kila usiku utatumia muda mrefu zaidi mlangoni, ukiamini kwamba hulioni tundu vizuri. Hili ndilo kosa tamu kuliko yote, maana dawa yake ni kununua taa kubwa zaidi. Nyumba ngapi za pwani zina mwanga wa uwanja wa mpira kwa sababu ya kitasa kilichokosa tone la mafuta mepesi ya mashine!

Wazanzibari walishafanya mtihani huu bila taa yoyote. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, umeme unaopita chini ya bahari kutoka bara ulipokatika, na kuanzia Desemba 2009 ilikaa gizani tena kiasi cha miezi mitatu. Majokofu yaligeuka makabati, jenereta zilinguruma, maji ya pampu yakawa ya kubahatisha. Mlangoni mambo yalikuwa rahisi zaidi: kidole gumba cha kushoto kikae juu ya tundu, ufunguo ufuate ukucha. Kitasa kinachozunguka vizuri hufunguka hivyo hata katika giza totoro.

Ukishindwa kabisa kufuata mwongozo huu, fanya hivi na usimwambie fundi. Weka balbu ndogo ya njano, wati 3 zinatosha, upande ule ule wa kitasa, usawa wa bega, ikiwa na kikofia cha kuelekeza mwanga chini. Hapo mwanga hupita kando yako na kivuli huanguka upande wa pili. Paka duara la rangi nyeupe kuzunguka tundu, litaonekana hata kwa mbalamwezi. Kila wiki futa kitasa kwa kitambaa chenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kisha kikaushe. Na yale mafuta ya mashine yatie kabla ya masika. Ukingoja masika yaishe, utakayemtafuta usiku huo ni seremala.