Vitabu 41 Juu ya Mgongo wa Kasa: Tahadhari kwa Mgeni

Iko siku mtu mpole kabisa, pengine yule wa idara ya uhasibu ambaye hujapata kumsikia akisema lolote zaidi ya habari za asubuhi, atakugeukia na kukuuliza: "Kumbe hujasoma Discworld?" Ukikiri tu, umekwisha. Atavuta kiti, chai yako itapoa, na swali lako dogo la kutaka kujua uanzie wapi litamaliza saa nzima ya chakula cha mchana.

Basi jua kwanza unachoingia. Discworld ni riwaya 41 za Mwingereza Terry Pratchett. Ya kwanza ilitoka 1983, ya mwisho Agosti 2015, miezi michache baada ya mwenyewe kufariki. Dunia yake ni bapa kama sinia, imebebwa na tembo wanne, na tembo hao wamesimama juu ya gamba la kasa mkubwa anayeogelea angani. Hayo utayazoea kabla ya kufika ukurasa wa kumi. Kinachowashinda watu ni mlango wa kuingilia, na hapo mlangoni wamejaa madalali.

Wa kwanza kukudaka ni Mzee wa Namba Moja. Huyu hataki mambo ya kurukaruka. Kitabu kilichoandikwa mwanzo kisomwe mwanzo, na ukimbishia atakuuliza kama kwenu watoto huanzia darasa la nne. Mwamkie, mshukuru, usimsikilize. The Colour of Magic kiliandikwa na mtu mwenye ajira nyingine. Pratchett alikuwa msemaji katika shirika la umeme, kazi yake kuwatuliza waandishi wa habari kila mtambo wa nyuklia ulipozua maneno, na aliiacha kazi hiyo 1987. Kitabu chake cha kwanza ni mzaha juu ya vitabu vya watu wengine: masimba wa vita wa Robert E. Howard, jozi ya wezi ya Fritz Leiber, majoka ya Anne McCaffrey, madude ya Lovecraft. Usiyewasoma hao utasikia watu wanacheka usijue anayechekwa ni nani. Kisha, mwishoni kabisa, mchawi Rincewind anaporomoka kutoka ukingo wa dunia, na kitabu kinaishia hapo hapo. Waliokinunua wakati ule walisubiri hadi 1986 kujua kama alitua.

Na ubaya wake hauishii hapo. Kinakutambulisha kwa watu ambao bado si wao. Mauti, yule wa mifupa mitupu na mundu, humo ni mwenye chuki, anamwinda Rincewind kama mdai wake. Ukikutana naye tena katika Mort (1987) utakuta ni bwana mpole anayependa paka, ana farasi mweupe aitwaye Binky, na ameajiri kijana wa kumsaidia kazi. Mtawala wa jiji la Ankh-Morpork anaonekana akijilisha viwavi wa baharini waliopakwa sukari, ilhali mtawala wa vitabu vya baadaye, Vetinari, ni mtu mwembamba, mkavu, ambaye hata kipande cha mkate anakila kama anakidhamini. Wachawi wa chuo kikuu nao katika vitabu vya mwanzo hupandishana vyeo kwa kuuana. Hilo lilikoma 1990 alipoletwa Mkuu wa Chuo aitwaye Ridcully, mwindaji mwenye sauti kubwa na afya ya kuudhi, asiyeuawa kirahisi.

Dalali wa pili ni Bwana Mchoro. Hasemi sana, anatoa simu. Kioo kinajaa visanduku na mishale: rangi hii ya askari, ile ya vibibi wachawi, nyingine ya Mauti, nyingine ya msichana aitwaye Tiffany Aching. Ataikuza kwa vidole viwili, aipunguze, aipoteze, aitafute tena. Nami sisemi mchoro ni wa uongo. Kila mshale una haki yake. Shida ni kwamba ukimaliza kuelezwa utakuwa na ratiba ya miaka mitatu na hamu ya kusoma imekutoka. Mkatize kwa swali moja tu: wewe mwenyewe ulianzia wapi? Utamwona anababaika. Alianza na kimoja alichokikuta nyumbani kwa shangazi yake, hakina jalada, ni cha katikati, na alikipenda.

Wa tatu ana nia njema kuliko wote, ndiyo maana ni wa kuogopwa. Huyu atakupa Night Watch (2002) mkononi, macho yakimlengalenga. Ni kweli ni kitabu kizuri. Wengi wanakiona ndicho bora kuliko vyote, nami siwapingi. Lakini ndani yake Kamanda Sam Vimes anarudishwa nyuma miaka thelathini, kwenye jiji lililo ukingoni mwa mapinduzi, na inambidi amfundishe kazi ya uaskari kijana aitwaye Sam Vimes. Kama humjui wa uzeeni, wa ujanani atakuwa kijana tu. Utakimaliza, utasema "kizuri," na aliyekupa hatakusamehe.

Kama ni mimi, ningekupa Guards! Guards! (1989). Vimes huyo huyo unamkuta amelewa, amelala mtaroni, ni kapteni wa askari wa zamu ya usiku ambao wamebaki wachache na hawana kazi, kwa sababu wizi Ankh-Morpork umehalalishwa. Wezi wana chama chao, kina viongozi, kina kiwango cha wizi kinachoruhusiwa kwa mwaka, na ukikabwa unaandikiwa risiti ili mwingine asikukabe tena. Mwizi asiye na kibali ndiye mwenye matatizo, na wanaomshughulikia ni wezi wenzake, si askari. Katika mpango huu uliotulia anaingia Carrot, kijana wa miraba minne aliyelelewa na mbilikimo wa machimboni, amebeba kitabu cha sheria na amekisoma chote. Kazi yake ya kwanza ni kumkamata mwenyekiti wa Chama cha Wezi, kwa kosa la wizi. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji mchoro wowote hapo. Atauliza tu kama hiyo risiti ina muhuri.

Ukiona askari wamekuchosha maishani, chukua Mort. Ukiwa mtu wa mambo ya imani, Small Gods (1992): mungu mkubwa anashuka duniani kwa kishindo na kujikuta ni kobe, kwa sababu katika mamilioni wanaomsujudia amebaki mmoja tu anayemwamini kweli. (Kobe huyu si yule kasa wa angani. Ukiwachanganya mbele ya mashabiki, shauri yako.) Na aliyewahi kupanga foleni posta asome Going Postal (2004), ambamo tapeli anaepushwa na kitanzi kwa sharti la kufufua shirika la posta. Baadhi ya wenye kunyongwa wangechagua kamba.

Lakini hayo ni ya mwenye uwezo wa kuchagua. Huku kwetu vitabu hivi mara nyingi hupatikana pale chini, barabarani, vimetandikwa kwenye turubai baina ya kitabu cha utabiri wa hisa na mwongozo wa kompyuta za mwaka 1998, na muuzaji hana habari ya mishale. Nunua kilichopo. Karibu kila kimoja kinajitegemea. Angalia tu usibebeshwe kitabu cha mapishi cha Nanny Ogg, mmoja wa wale vibibi wachawi (1999), ambacho kipo kweli, wala The Science of Discworld, ambacho nusu yake ni sayansi yenyewe.

Njiani kuna mashimo machache. Vingi havina sura, kwa hiyo ule msemo wa "nimalize sura hii nilale" hautakusaidia, kutakucha. Tanbihi usizipite, maana vichekesho vingine amevificha humo chini. Mauti husema kwa herufi kubwa tupu, bila alama za usemi, wala si kosa la mpiga chapa. Na usisomee kwenye matatu, labda kama hujali abiria wa pembeni kukusogezea begi lake mbali.

The Shepherd's Crown kiache mwisho, popote utakapokuwa umeanzia. Baada ya hapo hakuna. Pratchett aliagiza kazi zake ambazo hazijakamilika ziharibiwe, na Agosti 2017, kwenye maonyesho ya mitambo ya mvuke huko Dorset, diski ya kompyuta yake ililazwa chini ikapitiwa na mtambo wa kushindilia barabara. Matofali ya mawe yaliyokuwa chini yake yalisagika. Diski ikabaki na umbo lake. Ikabidi itiwe kwenye mashine ya kuponda mawe. Kwa hiyo akitokea muuzaji akakunong'oneza kwamba anacho cha 42, muulize alikitoa kwenye mashine ipi kati ya hizo mbili.