Elimu ya Merikebu kwa Watu Wawili

Waheshimiwa wachumba, maharusi wapya, wanandoa wakongwe, na ninyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna chai: kaeni vizuri. Simu zizimwe, daftari zifunguliwe. Mbele yenu amesimama Mkufunzi Mkuu wa Sayansi ya Ndoa Majini, cheo ambacho nafsi yangu ilinitunuku kwa kauli moja, katika kikao kisichokuwa na mpinzani. Mada ni safari ya mume na mke kwa meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania. Nimeifanya, na nimerudi na mke yuleyule. Kwa wanaojua mambo, hiyo peke yake ni shahada.

Tuanze na historia, maana msomi asiyeanza na historia ni mpiga debe. Mnadhani safari hizi zilibuniwa na mtu wa mahaba? Hasha! Zilibuniwa na Mjerumani mwenye daftari la hesabu. Albert Ballin, aliyesimamia biashara ya abiria ya kampuni kubwa ya meli ya Hamburg, aliona kwamba kipupwe kikianza Atlantiki inachafuka, abiria wa Marekani wanapungua, na meli zinalala bandarini zikila gharama. Basi tarehe 22 Januari 1891 meli Augusta Victoria ikaelekezwa Mediterania na abiria 241, watu wazima na akili zao, waliolipa nauli ili waende kisha warudishwe palepale walipotoka. Mwezi huohuo serikali ya Ujerumani ilikuwa ndiyo kwanza imeichukua rasmi pwani yetu ya Tanganyika, kwa hiyo Wajerumani walikuwa na shughuli nyingi baharini, si zote za kupunga upepo. Andikeni: asili ya fungate ya baharini ni meli iliyokosa abiria.

Sasa bei, na hapa naomba akina baba wasogee mbele. Tangazo litasema euro 700. Mwanamume anayejiamini ataingia sebuleni na kutangaza euro 700, kifua mbele. Masikini! Bei ya meli huandikwa kwa kichwa, na kichwa hicho kinahesabiwa kikiwa kimelala karibu na kichwa kingine. Zidisha mara mbili. Ongeza ushuru wa bandari. Ongeza bahashishi, ambayo huku kwetu ni hiari ya moyo lakini kule kampuni nyingi hukukata kila siku, kila mtu, hata siku uliyoshinda kitandani na kichefuchefu bila kumwona mhudumu. Kisha yupo baba anayetaka kifurushi cha vinywaji. Kampuni nyingi hazimuuzii mtu mmoja wa chumba: akichukua yeye, na mwenzake lazima achukue, hata kama mwenzake huyo ni mtu wa maji na Fanta. Na usiseme utakwenda peke yako kubana matumizi, kwa sababu mara nyingi utatozwa hadi karibu nauli mbili, yako na ya mtu asiyekuwepo. Shemeji yenu, aliyeketi pale mstari wa mbele, husema hiyo ndiyo sababu hasa aliamua kunichukua. Utani wake huo.

Viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania au ya Kenya anahitaji viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, pamoja na bima ya safari yenye fidia isiyopungua euro 30,000. Hayo mtayasikia kwa wakala yeyote. Asilokwambia wakala mwenye haraka ni kwamba meli inayotoka Italia, ikapita Uturuki, kisha ikarudi Ugiriki, imetoka Schengen na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja haikutoshi, na pengine hutaruhusiwa hata kupanda meli siku ya kwanza. Ombeni ya kuingia mara nyingi, wote wawili. Mmoja akipata ya mara nyingi na mwingine ya mara moja, hapo nimewaona watu wakigundua kwa ghafla mambo mengi kuhusu upendo.

Tukija kwenye uchaguzi wa chumba, wazee wetu walishamaliza utafiti. Tezi na omo, marejeo ngamani. Ninyi mlidhani hiyo ni methali ya kuwatisha wasafiri! Ni uhandisi mtupu. Meli ikipanda na kushuka, mbele na nyuma ndiko kunakorushwa zaidi. Katikati, sitaha za chini, hutulia. Mwenye tumbo jepesi achukue huko. Na asidanganywe kwamba Mediterania ni bwawa kwa kuwa maji yake hayapwi mpaka mashua zikalala kwenye tope. Julai na Agosti upepo unaoitwa meltemi hushuka kutoka kaskazini kwenye bahari ya Aegean, na magharibi, karibu na Marseille, kuna mwenzake mistral. Sisi kaskazi yetu huja Desemba, kwa adabu, na kila nahodha anaijua. Ile ya kwao huja katikati ya likizo.

Roshani je, au chumba cha ndani? Chumba cha ndani hakina dirisha. Taa ikizimwa saa sita mchana hujui kama umelala au umefariki. Bado nakipendekeza kwa wanandoa wa zaidi ya miaka kumi, kwa sababu ni rahisi na hakuna atakayetaka kukaa humo. Mke wangu amekohoa. Naendelea.

Bandari! Hapa ndipo sayansi yangu inapong'ara. Ratiba itaandika kwa herufi za dhahabu: Roma. Utaamka, utavaa, utatoka sitahani ukitafuta Roma, na utaona makontena. Umefika Civitavecchia, na Roma iko yapata saa moja kwa treni. Ni sawa na kumwahidi mtu Dar es Salaam ukamshusha Bagamoyo na kumtakia siku njema. Wakisema Florence, ni Livorno. Hata Venice, ambako zamani meli zilipita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko zikiwa ndefu kuliko makanisa, Italia ilizifungia mlango meli kubwa tarehe 1 Agosti 2021. Siku hizi nyingi hutia gati Marghera, kwenye viwanda, au mbali zaidi. Mwanamke aliyeahidiwa gondola akiona matangi ya mafuta ana haki ya kuuliza maswali, nawe uwe na majibu.

Kisiwa cha Santorini nitakichambua kwa kina, kwa sababu kila picha ya wapendanao imepigwa huko na hakuna picha inayoonyesha foleni. Meli kubwa haina gati pale. Mnashushwa kwa mashua hadi chini ya jabali, na mji wa Fira uko juu kabisa ya kichwa chako. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni vigari vya kuning'inia kwenye waya, ambavyo wote mnavitaka kwa wakati mmoja. Ya pili ni vidato karibu 600, vyenye samadi. Ya tatu ni wenye samadi hiyo, yaani punda. Watu wa Lamu mnacheka, lakini sikilizeni: tangu 2018 sheria ya Ugiriki hairuhusu mnyama kubebeshwa zaidi ya kilo 100, au sehemu moja ya tano ya uzito wake mwenyewe. Mume mwema hamuulizi mkewe kilo zake mbele ya mwenye punda, na mke mwema hazitaji za mumewe. Kisiwa kimeweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, na tangu 2025 kila abiria anayeshuka msimu wa watalii wengi hutozwa euro 20. Juu huko mtapata pembe ya ukuta, nyuma yenu bahari, mbele yenu watu wanaosubiri mmalize kupendana ili na wao wapendane.

Saa. Ugiriki iko mbele ya Italia kwa saa moja, na usiku wa kuvuka mtaambiwa msogeze mshale. Ukiona 17:00 usisimame kuigeuza kwenye saa zetu huku meli inapiga honi. Mwisho wa kupanda kwa kawaida ni nusu saa kabla ya kung'oa nanga. Watakaosubiriwa wakichelewa ni waliokwenda kwa basi la meli yenyewe. Aliyejipangia ziara yake mwenyewe akaingia duka moja la mwisho la viatu atabaki gatini na viatu vyake.

Jambo moja silifanyii mzaha. Mtakapopanda mtasikia honi fupi saba na moja ndefu, nanyi mtatakiwa kujua mnakusanyika wapi. Usiku wa Januari 13, 2012 meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, wakafa watu 32, na abiria waliopanda Civitavecchia jioni ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi. Siku hizi zoezi hufanywa kabla meli haijaondoka. Nendeni wote wawili. Asiwepo wa kusema mwenzangu atanieleza.

Kuhusu bufe sina la kuongeza, kwa kuwa mnajijua. Naweni mikono, maana tumbo la kuhara kwenye meli husafiri haraka kuliko meli. Na siku nzima za bahari, msishikane kama kupe. Mmoja aende kwenye mchezo wa bahati nasibu, mwingine akalale. Mkutane chakula cha jioni mkiwa na habari za kupeana. Hilo ndilo gunduo langu kubwa kuliko yote, na shemeji yenu anadai alilisema yeye, siku ya pili, akiwa ananifungulia mlango nitoke.

Muda umekwisha. Kitabu changu cha juzuu mbili juu ya suala hili hakijaandikwa, lakini malipo ya awali yanapokelewa pale mlangoni. Fedha taslimu tu, na bei ni kwa kichwa.